Sura ya Tano: Jiwe Lisafiri, au Mashine Isafiri?

Chukua kilomita moja tu ya barabara ya lami. Upana wake uwe mita 10 ukihesabu na mabega ya pembeni, na chini ya lami liwekwe tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 2,000 za mawe yaliyosagwa, na yakishashindiliwa yana uzito wa tani 4,400 hivi. Tipa la tani 25 litaleta mzigo huo kwa safari 176, na mara 176 litarudi tupu. Hapo bado hatujagusa kokoto ya lami yenyewe, wala ya makalavati, mitaro na madaraja. Barabara ya kilomita 50 itadai safari zaidi ya 8,000 kwa ajili ya tabaka moja peke yake. Hesabu hii haina ufundi wowote, mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Hata hivyo ni nadra kuisikia inapozungumzwa mipango ya barabara zetu. Tunajadili bei ya saruji na ya lami, tunajadili mkandarasi gani apewe kazi, na likitajwa krasha, yaani mtambo wa kusaga kokoto, tunauliza limetoka nchi gani, linasaga tani ngapi kwa saa, ni jipya au limetumika. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba kabla ya maswali hayo yote kuna swali moja ambalo likijibiwa vibaya hakuna mashine itakayoliponya: kati ya jiwe na mashine, kipi kisafiri?

Makrasha ni ya namna mbili kwa upande huu. Kuna lililosimikwa: limefungwa kwenye msingi wa zege, linaendeshwa kwa umeme, limezungukwa na mikanda mirefu ya kusafirisha mawe na machekeche ya kuyapanga kwa ukubwa, na limekusudiwa kukaa hapo miaka ishirini, thelathini au zaidi. Na kuna linalohama: limepandishwa juu ya minyororo kama ya kijiko, au juu ya tela lenye magurudumu, lina injini yake ya dizeli, na likishushwa kwenye lori la kubebea mitambo linaweza kuanza kusaga siku hiyohiyo. Wafanyabiashara wa mashine hizi huzipambanisha kana kwamba moja ni ya kisasa na nyingine imepitwa. Sivyo. Zote mbili zinabana jiwe kwa kanuni ileile. Tofauti yao ni kwamba moja inaliita jiwe lije, nyingine inalifuata jiwe lilipo.

Historia inatusaidia kuona jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mskochi John Loudon McAdam, ambaye mwaka 1816 alipewa usimamizi wa barabara za Bristol huko Uingereza, alifundisha kwamba barabara imara haihitaji mawe makubwa ya msingi. Inahitaji mawe madogo yenye kona, yanayokaribiana ukubwa, ambayo yakikanyagwa hushikana yenyewe. Mawe hayo yalivunjwa kwa nyundo na wanaume, wanawake na watoto walioketi kando ya barabara ileile iliyokuwa ikijengwa. Kwa hiyo krasha la kwanza la barabara za namna hiyo lilikuwa mkono wa binadamu, nalo lilikuwa la kuhama. Mwaka 1858 Eli Whitney Blake, wa New Haven nchini Marekani, akapata hataza ya krasha la taya. Miaka kadhaa kabla alikuwa amepewa jukumu la kusimamia ujenzi wa barabara yenye urefu wa maili mbili hivi mjini kwake, akaona jinsi kazi ya kuvunja mawe kwa mkono inavyokula muda na watu. Mashine yake ilifanya kazi ya umati wa watu, lakini ilikuwa nzito na ilihitaji mvuke, na tangu hapo mawe yakaanza kupelekwa kwenye mashine. Tunapoona leo krasha limesimama porini kando ya barabara inayojengwa, tunaona ufundi wa Blake umerudishwa kwenye kituo cha kazi cha McAdam.

Uvumbuzi wa Blake ni mwepesi kueleweka, na krasha la taya la leo bado ni mtoto wake halali. Kuna bamba moja la chuma lililosimama imara na jingine linalokwenda na kurudi, na katikati yao uwazi ulio mpana juu na mwembamba chini, kama herufi V. Jiwe likidondoshwa juu linabanwa, linapasuka, vipande vinashuka kidogo, vinabanwa tena, hadi vinapata wembamba wa kupita kwenye mwanya wa chini. Mabamba hayo hutengenezwa kwa chuma chenye manganizi asilimia 12 au 13, aina iliyobuniwa na Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, na tabia yake inashangaza: kadiri kinavyogongwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Bamba jipya ni laini kuliko bamba lililokwisha kutafuna mawe kwa muda. Lakini kigongwe hasa. Kikipewa mawe madogo yenye mchanga mkali, yanayosugua bila kupiga, hakipati ugumu wake, na kinalika upesi. Baada ya taya, mawe huingia kwenye krasha la koni, ambalo huyasaga kati ya koni inayoyumba na bakuli lililoizunguka, au kwenye krasha la nyundo zinazozunguka kwa kasi na kuyapiga. Nyundo hutoa kokoto yenye umbo zuri la mchemraba, ila kwenye mawe yenye kwatzi nyingi, kama matale mengi ya nchi yetu, huisha haraka kiasi cha kumfilisi mwenye mtambo. Mwisho ni chekeche, linalotenganisha vumbi la kokoto, nusu inchi, robo tatu, na yale makubwa yanayorudishwa kusagwa upya.

Kazi yote hiyo, kuanzia pande la mwamba hadi kokoto ya robo tatu, hula nishati kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa makadirio ya kawaida ya kazi hizi, mitambo ya dizeli ya hatua mbili au tatu hutumia chini ya lita moja ya mafuta kwa kila tani ya kokoto. Sasa tazama safari. Tipa la tani 25, ukichanganya kwenda limejaa na kurudi tupu, linakunywa kama lita 40 kwa kila kilomita 100. Machimbo yakiwa kilomita 100 kutoka eneo la ujenzi, safari nzima ni kilomita 200 na lita 80. Gawanya kwa tani 25, unapata zaidi ya lita tatu kwa tani. Yaani kulisafirisha jiwe kilomita 100 kunachoma mafuta zaidi ya mara tatu ya kulisaga. Ukiipindua hesabu hiyo utaona kwamba mafuta yote ya krasha la dizeli ni sawa na umbali wa kilomita 30 hivi wa tipa. Mtu anayesema krasha linalohama ni ghali kwa sababu linatumia dizeli wakati lililosimikwa linatumia umeme wa bei nafuu, anasema kweli ndani ya kilomita hizo 30. Kila kilomita inayozidi hapo inamsuta.

Na mafuta ni sehemu tu ya gharama ya safari. Kuna matairi, madereva, spea, foleni kwenye mizani, na kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara yoyote: uharibifu wa barabara zinazopitiwa. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, madhara yanakuwa mara 16 hivi. Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016. Tipa la kokoto ni miongoni mwa magari mazito kuliko yote barabarani, na mara nyingi hupita kwenye barabara za vijijini ambazo hazikujengwa kwa uzito huo. Jiwe linalokwenda kujenga barabara moja linaibomoa nyingine njiani, na anayelipia ni halmashauri ambayo haimo hata kwenye mkataba.

Nisije nikaeleweka kwamba krasha lililosimikwa halina nafasi. Lina nafasi yake, na ni kubwa, pale ambapo umbali umekwisha kushindwa kwa njia nyingine. Pwani ya magharibi ya Uskoti kuna machimbo ya Glensanda, ambayo tangu 1986 yamekuwa yakitoa matale kwa kiwango kikubwa bila barabara ya kuyafikia. Mlima unasagwa, kokoto inashuka hadi ufukweni, meli inaibeba. Mawe yake yaliingia kwenye zege la kuta za handaki la reli lililo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Jiji la London nalo linalishwa kokoto kwa treni kutoka vilima vya Mendip. Meli na treni hubeba tani moja kwa mafuta kidogo sana kuliko lori, kwa hiyo mashine haina sababu ya kumfuata mteja. Kiwanda cha saruji ni mfano mwingine. Kile cha Wazo, Dar es Salaam, kimejengwa juu ya chokaa yake. Krasha lake halina pa kwenda, kwa sababu jiwe na kinywa kinacholila vimezaliwa mtaa mmoja.

Migodi mikubwa inatoa ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa kuwa mgodi wenyewe ndio unaohama. Kila mwaka shimo linazidi kuingia chini na kingo zake zinazidi kusogea, na krasha lililojengwa juu mwanzoni linazidi kuachwa mbali na mwamba. Malori yanapanda na mawe kilomita zilezile za mteremko, mchana na usiku. Mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Utah, ulikata shauri mwishoni mwa miaka ya 1980 kulishusha krasha lake la kwanza ndani ya shimo na kuyatoa mawe kwa mkanda mrefu. Kampuni ya Vale ya Brazili ilikwenda mbali zaidi kwenye mgodi wa chuma wa S11D huko Carajás, uliozinduliwa mwishoni mwa 2016: makrasha yanayohama yanafuata uso wa mwamba, mikanda inapokea, na malori makubwa yakaondolewa kwenye njia kuu ya mzigo. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa mpango huo unapunguza matumizi ya dizeli kwa asilimia 70 hivi ukilinganishwa na mgodi wa malori. Watu waliofanya uamuzi huo walikuwa wamepiga hesabu ya safari ya jiwe, kama ile tuliyoipiga hapo juu, ila kwa mamilioni ya tani.

Tuirudishe hesabu hiyo nyumbani. Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, udongo na mawe ya matumbawe. Mwamba mgumu wa kutengeneza zege la ghorofa na lami ya barabara kuu hauko mjini. Ndiyo maana jiji linakula kokoto za Lugoba, mkoani Pwani, zaidi ya kilomita mia moja kwa barabara. Mahitaji ya jiji hayatakwisha mwaka huu wala kizazi hiki, mwamba wa Lugoba haukimbii, umeme wa gridi upo. Hapo krasha la kusimikwa ni jibu sahihi, na kasoro iko kwenye lori. Reli inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma inapita kwenye nchi ya miamba migumu, na ujenzi wa reli ya kisasa wenyewe ulidai kokoto kwa wingi wa ajabu kwa ajili ya tuta lake. Machimbo ya kudumu yaliyo kando ya reli, yenye mahali pa kupakilia mabehewa, yangefanya kwa Dar es Salaam kile ambacho Mendip inafanya kwa London. Naliona hili kuwa la lazima, na sioni kwa nini liendelee kusubiri.

Lakini Tanzania si Dar es Salaam. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, na sehemu kubwa yake ni udongo na changarawe. Kazi za huko ni ndogo na zimetawanyika: kilomita tano hapa, kalavati pale, mlima mmoja unaoteleza masika. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo itakayobeba gharama ya kusimika krasha, na nyingi ziko mbali na krasha lililosimikwa. Matokeo yake ni kwamba moramu inamwagwa mahali palipohitaji kokoto, mvua inaichukua, na mwaka unaofuata inamwagwa tena. Na huku kilima cha mwamba kinaonekana kutoka kwenye barabara hiyohiyo. Hapa ndipo krasha linalohama lina haki yote: taya moja, koni moja na chekeche moja vinavyozunguka wilaya tatu au nne kwa ratiba, vikisaga kila penye mwamba mzuri na kuacha lundo.

Mhandisi atapinga kwamba ubora utayumba. Ana hoja. Mtambo wa kudumu unaujua mwamba wake. Wa kuhama unakutana na tale leo na chokaa kesho, na mwendeshaji akibakia na mpangilio uleule atatoa kokoto bapa, zinazovunjika zikikanyagwa. Dawa yake ni maabara, nayo si ghali: kokoto ipimwe ugumu, umbo na mpangilio wa ukubwa kabla mwamba haujalipuliwa kwa wingi, na mashine ichaguliwe kufuatana na majibu. Penye kwatzi nyingi iende koni, nyundo zibaki kwa chokaa. Vipimo hivyo tayari vinadaiwa na miongozo ya ujenzi. Kuviruka ni uzembe wa msimamizi, na uzembe huo utatoa kokoto mbovu hata kwenye mtambo uliofungwa kwa zege.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linahusu mlo wa watu. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kwenye vilima vingi vya nchi hii, kuna watu, wengi wao wanawake, wanaovunja kokoto kwa nyundo. Mvunjaji hukaa chini, huliweka jiwe ndani ya pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi ili vipande visiruke, hugonga, husogeza, hugonga, jua zima, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni au pembeni. Je, krasha likija wilayani, hawa waende wapi? Kwanza tuseme ukweli kwamba soko lao kubwa ni wajenzi wa nyumba wanaonunua kwa ndoo au kwa lori dogo, na tani 4,400 za kilomita moja hazijawahi kuwa zao. Hata hivyo baadhi watapoteza wateja, na kusema vinginevyo ni kuwadanganya. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake na vijana. Mawe ya kujengea mitaro na kingo za madaraja huchongwa na kupangwa kwa mkono, hayapiti kwenye krasha kabisa. Kazi hizo wapewe wao, kwa mkataba na kwa bei inayolipa. Kuilinda nyundo kwa kuwanyima wanakijiji barabara si huruma kwa anayeishika, maana hata yeye akiugua hupitishwa barabara hiyohiyo.

Pingamizi la tatu nalikubali karibu lote. Kinachohama kinaweza kutoroka. Krasha la kudumu lina anwani, jirani anajua pa kulalamikia. La kuhama linasaga miezi minne, linaondoka, na nyuma yake kinabaki shimo lililojaa maji ambamo watoto huogelea, kuta za nyumba zilizopasuka kwa baruti, na vumbi. Vumbi hilo si usumbufu tu. Chembe za silika zinazotoka kwenye mawe yenye kwatzi huingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa, na tangu 1997 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeziweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Maji yanayopulizwa kwenye kinywa cha krasha na kwenye maanguko ya mkanda hulaza sehemu kubwa ya vumbi, na krasha jipya mara nyingi huja na mabomba hayo. Yanachokosa ni tangi la maji na mtu wa kuamuru yafunguliwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Madini ya 2010 zipo. Pengo liko kwenye ukaguzi, ambao umezoea mitambo yenye geti. Kwa hiyo kibali cha krasha linalohama kifungwe kwenye shimo, kisifungwe kwenye mashine peke yake: mashine isiruhusiwe kusaga kituo cha pili kabla shimo la kwanza halijasawazishwa au kuzungushiwa uzio, na fedha ya dhamana iwe imewekwa mapema. Hapo uwezo wake wa kuondoka, ambao ndio unaotutia hofu, unageuka kuwa kitu tunachoweza kumzuilia mwenye mtambo.

Msomaji ambaye ni diwani, mwenyekiti wa kijiji au mjumbe wa kamati ya barabara anaweza kuanza na jambo moja kwenye mradi ujao. Mkandarasi anapokuja na krasha lake, mkataba utaje lundo la kokoto atakaloliacha siku ya kufunga kambi, limepimwa, limechekechwa, limewekwa mahali panapofikika hata masika. Mtambo ukiwa bado pale, umewashwa, na mwamba umeshalipuliwa, kusaga tani 500 za ziada ni kazi ya siku chache. Ukishapakiwa na kuondoka, tani hizohizo zitasafiri kutoka kwenye krasha la mbali, safari 20 za tipa, kwa mafuta ya halmashauri.